Bob Hayes: Risasi ya Jacksonville iliyofika Tokyo, Dallas na gerezani

Wengi wetu tuliohamia Marekani tulipokuwa watu wazima tuliupata mchezo wao wa kandanda kama tulivyoipata theluji: hatukuuomba, hatukuuelewa, na ulikuwa kila mahali. Tulijiuliza kwa nini wauite mpira wa miguu ilhali unachezwa kwa mikono, na kwa nini watu wazima wavae kofia za chuma wakumbane kama mafahali halafu wasimame kila baada ya sekunde chache kushauriana. Walioko Muscat, London au Dar es Salaam wana haki ya kuuliza hayo hayo. Hata hivyo, katika mchezo huo alipita mtu mmoja ambaye kisa chake hakihitaji kujua sheria zake hata moja. Jina lake ni Robert Lee Hayes, maarufu kwa jina la Bob Hayes, aliyepewa lakabu ya Risasi.

Hayes alifariki dunia tarehe 18 Septemba 2002 akiwa na umri wa miaka 59. Alikuwa amekuwa binadamu mwenye mbio kuliko wote duniani, akawa bingwa wa kandanda ya kulipwa, akawa mfungwa, kisha akawa mgonjwa anayengoja kutajwa jina. Heshima kubwa kuliko zote katika mchezo wake ilimfikia miaka saba baada ya kuzikwa.

Alizaliwa tarehe 20 Desemba 1942 katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Ikumbukwe kuwa wakati huo mtu mweusi katika majimbo ya kusini alikuwa na shule yake, hospitali yake, kiti chake nyuma ya basi na hata bomba lake la maji ya kunywa. Hayes alisoma shule ya sekondari ya Matthew Gilbert, shule ya watoto weusi, na mwaka 1958 timu ya kandanda ya shule hiyo ilitwaa ubingwa wa jimbo wa shule za watu weusi bila ya kupoteza mchezo hata mmoja. Magazeti ya wazungu hayakushughulika sana na habari hizo. Ubingwa ulikuwa ubingwa, lakini ulikuwa wa upande wa pili wa barabara.

Kutoka hapo alikwenda Tallahassee, katika Chuo Kikuu cha Florida A&M, nacho pia cha watu weusi. Kocha wake wa kandanda alikuwa Jake Gaither, mmoja wa makocha walioheshimika sana katika vyuo vya watu weusi. Kwa Gaither, Hayes alikuwa mchezaji wa kandanda kwanza na mkimbiaji baadaye. Kwa dunia ilikuwa kinyume chake. Mwaka 1963 huko St. Louis kijana huyo alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1 na kuweka rekodi ya dunia. Inasimuliwa kuwa ilipokaribia Olimpiki, kocha alisita kumwachia nafasi ya kutosha ya kufanya mazoezi ya riadha, na kwamba Rais Lyndon Johnson mwenyewe alimpigia simu kumwomba amwachie, kwa kuwa taifa lilikuwa linamhitaji. Tulitafakari jambo hili tulipolisoma mara ya kwanza. Taifa lililomhitaji kijana huyo ndilo lilikuwa limetia saini sheria ya haki za kiraia mwezi Julai mwaka huo huo wa 1964, na katika miji mingi ya kusini kulikuwa bado na milango asiyoweza kuingia.

Michezo ya Tokyo ya mwaka 1964 ina nafasi yake katika kumbukumbu za Afrika Mashariki. Kenya ilikwenda huko ikiwa taifa huru kwa mara ya kwanza, na bendera yake ilibebwa na Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, aliyekuwa ameshinda dhahabu mbili za mbio fupi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Huko Tokyo ndiko Wilson Kiprugut alikoipatia Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800, tarehe 16 Oktoba. Siku moja kabla yake, katika uwanja ule ule, ilikimbiwa fainali ya mita 100 kwa wanaume.

Hayes aliingia fainali ile akiwa na mikosi miwili. Wa kwanza ulikuwa wa viatu. Inasimuliwa kuwa alichanganyika chumba na bondia Joe Frazier, naye akawa amepekua mkoba wa Hayes akitafuta kitu, kiatu kimoja kikaanguka na kusukumwa chini ya kitanda. Hayes alipofika uwanjani na kufungua mkoba, alikuta kiatu kimoja tu. Akaazima cha mwenzake. Mkosi wa pili ulikuwa wa njia. Alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo watembeaji wa kilomita 20 walikuwa wameichimba kwa visigino siku hiyo hiyo. Enzi hizo hapakuwa na viwanja vya mpira laini. Njia ilikuwa ya majivu ya makaa, na ikikanyagwa sana inakuwa kama shamba lililolimwa.

Akiwa na kiatu cha kuazima, juu ya njia iliyochimbika, Hayes alishinda kwa sekunde 10.0 na kuisawazisha rekodi ya dunia. Saa ya umeme ilionyesha sekunde 10.06. Enrique Figuerola wa Cuba alikuja wa pili na Harry Jerome wa Kanada wa tatu, wote kwa sekunde 10.2. Kwa wasiofuatilia riadha, tofauti ya sehemu mbili za kumi katika mbio hizi si ndogo. Ni kiasi cha mita mbili, na mita mbili katika fainali ya Olimpiki ni kama kuwaacha wenzako kituoni na basi limeshaondoka. Katika nusu fainali alikuwa amekimbia kwa sekunde 9.91, lakini upepo ulikuwa mkali nyuma yake na hivyo muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi.

Siku sita baadaye ilikuja zamu ya mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Wenzake watatu walikuwa Paul Drayton, Gerald Ashworth na Richard Stebbins, na kazi yao haikwenda vizuri. Kijiti kilipomfikia Hayes, Marekani ilikuwa nyuma ya timu kadhaa. Aliyoyafanya baada ya hapo yamebaki yakizungumzwa na watu wa riadha hadi leo. Aliwapita wote, mmoja baada ya mwingine, akamaliza mbele ya Poland na Ufaransa kwa mita kadhaa, na timu ikaweka rekodi ya dunia ya sekunde 39.0. Waliokuwa na saa mkononi walikadiria kuwa mita zake 100 zilichukua chini ya sekunde 9, naye bila shaka alikuwa ameanza akiwa tayari mwendoni. Wapo wanaoamini kuwa mguu wa binadamu ulikuwa haujafanya kitu cha namna hiyo kabla yake.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa riadha yake. Alikuwa hajatimiza miaka 22. Wakati huo mwanariadha wa Olimpiki hakuruhusiwa kulipwa, na medali mbili za dhahabu haziliki. Timu ya Dallas Cowboys ilikuwa imekwisha kumchagua katika mgawo wa wachezaji wa 1964, raundi ya saba, akiwa wa 88. Nafasi hiyo ya chini inatuonyesha jinsi wengi walivyomdhania: mkimbiaji anayekuja kujaribu mpira. Riadha ilikuwa imeshawapa timu za kandanda vijana wengi wenye mbio wasiojua kudaka.

Hapa inatubidi tueleze kidogo kazi ya mpokeaji wa pembeni. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Mtu mmoja, kotabeki, husimama nyuma na anaweza kuurusha mpira mbele. Mpokeaji wa pembeni husimama mbali na msongamano, karibu na mstari, na mpira ukianza hukimbia njia waliyokubaliana ili audake ukiwa hewani. Akiudaka ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, au akaufikisha huko, timu yake inapata pointi sita. Mbele yake yuko mlinzi ambaye kazi yake ni kumfuata kama kivuli. Kwa miaka mingi ulinzi ulikuwa hivyo: mtu kwa mtu.

Hayes aliharibu hesabu hiyo mwaka wake wa kwanza. Mwaka 1965 alidaka mipira 46 kwa jumla ya yadi 1,003 na kufunga mara 12. Mwaka 1966 alidaka 64 kwa yadi 1,232 na kufunga mara 13. Tarehe 13 Novemba mwaka huo, dhidi ya timu ya Washington, alikusanya yadi 246 katika mchezo mmoja, ikiwemo mipigo ya mbio ya yadi 95 kwa mpira mmoja tu. Rekodi hiyo ya yadi 246 ilidumu katika timu ya Dallas hadi mwaka 2009, yaani miaka 43. Hapakuwa na mlinzi wa kumfuata kivuli mtu aliyekuwa na mbio kuliko wote duniani.

Makocha wa upande wa pili walilazimika kufikiri upya. Kama mtu mmoja hamuwezi, basi walinzi waache kufuata watu na badala yake wagawane uwanja, kila mmoja alinde eneo lake, na mwingine akae nyuma kabisa kumngojea Hayes. Ulinzi wa eneo haukubuniwa siku moja wala kwa sababu ya mtu mmoja, lakini wataalamu wengi wa mchezo huo wanakubali kuwa Hayes ndiye aliyewalazimisha makocha kuutumia kwa wingi na kuuendeleza. Ni wachezaji wachache mno, katika mchezo wowote, ambao wamebadilisha namna wapinzani wanavyosimama uwanjani.

Alichezea Dallas miaka kumi, 1965 hadi 1974, chini ya kocha Tom Landry, akirushiwa mipira na Don Meredith, kisha Craig Morton, kisha Roger Staubach. Mara tatu aliitwa katika mchezo wa nyota wa ligi. Mwaka 1968 aliongoza ligi nzima kwa kurudisha mipira ya kupigwa kwa mguu, wastani wa yadi 20.8 kila mara. Tarehe 20 Desemba 1970, siku aliyotimiza miaka 28, alifunga mara nne katika ushindi wa 52 kwa 10 dhidi ya Houston. Mwaka huo wastani wake kwa kila mpira aliodaka ulipita yadi 26.

Si kila siku ilikuwa ya sherehe. Tarehe 31 Desemba 1967 Dallas walikwenda Green Bay, jimbo la Wisconsin, kugombea ubingwa katika baridi ya kiasi cha nyuzi 25 chini ya sifuri. Mtoto wa Florida hakuwa amezaliwa kwa ajili ya siku kama ile. Inasimuliwa kuwa kila mpira usipokuwa unakuja kwake, alitia mikono ndani ya suruali kuipasha moto, na walinzi wa Green Bay wakaigundua siri hiyo: mikono ikiwa ndani, mpira haurushwi kwake. Dallas walifungwa 21 kwa 17. Sisi tuliosimama kwenye vituo vya mabasi vya kaskazini, mwezi wa kwanza, tukiwa na makoti ya kuazima, hatumcheki.

Mwezi Januari 1971 walifika fainali ya Super Bowl na kufungwa na Baltimore 16 kwa 13. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Januari 1972, katika mji wa New Orleans, waliifunga Miami Dolphins 24 kwa 3. Siku hiyo Bob Hayes alipata kitu ambacho hakuna mwanadamu mwingine amekipata: dhahabu ya Olimpiki na pete ya bingwa wa Super Bowl katika mikono ya mtu mmoja.

Baada ya hapo mbio zilianza kupungua. Mwaka 1975 alipelekwa San Francisco, akadaka mipira sita tu, na kazi ikaisha. Jumla yake katika ligi ni mipira 371, yadi 7,414 na mabao ya kupokea 71. Gawanya yadi kwa mipira utapata karibu yadi 20, yaani mita 18 kila mara alipoushika mpira. Wapo waliodaka mipira mara mbili na mara tatu zaidi yake, lakini wachache sana waliokwenda mbali hivyo kwa kila mmoja. Mabao yake 71 ya kupokea yalibaki kuwa mengi kuliko ya mchezaji mwingine yeyote wa Dallas hadi mwaka 2017.

Sasa tunafika mahali ambapo waandishi wengi wa sifa hupita haraka. Sisi hatutapita haraka.

Mchezaji anayestaafu akiwa na miaka 33 ana maisha marefu mbele yake na hakuna anayempigia makofi. Hayes aliingia katika pombe na dawa za kulevya. Mwaka 1978 alikamatwa Texas kwa kumfikishia dawa hizo askari aliyejifanya mnunuzi. Mwaka 1979 alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, na akakaa gerezani miezi kumi. Alitoka, akaanguka tena, akatibiwa, akajaribu tena. Mwaka 1990 kilitoka kitabu cha maisha yake ambamo alieleza mwenyewe kupanda kwake, kuanguka kwake na juhudi za kusimama. Hakujificha, wala hakusema kuwa wengine ndio waliomfikisha huko.

Alikuwa amelipa deni lake kwa sheria. Lakini kuna deni jingine ambalo halina hakimu wala tarehe ya mwisho. Mwaka 1976, kabla ya kukamatwa, riadha ya Marekani ilikuwa imeshamtia katika orodha yake ya mashuhuri. Kandanda ilikuwa bado. Miaka ilipita, wachezaji wenye rekodi ndogo kuliko zake wakaingia katika Jumba la Mashuhuri la kandanda ya kulipwa huko Canton, jimbo la Ohio, naye jina lake likaachwa nje. Kwa mujibu wa kanuni za jumba hilo, wapiga kura wanatakiwa kupima yale yaliyotendeka uwanjani tu. Watu wengi, na sisi tukiwamo, wameona vigumu kuamini kuwa miezi ile kumi haikuwamo katika mizani.

Mwaka 2001 timu ya Dallas iliandika jina lake katika mduara wa heshima wa uwanja wake. Alikuwa tayari mgonjwa, lakini aliona. Mwaka uliofuata, baada ya kuugua saratani ya tezi dume na maradhi ya ini, figo zilishindwa kazi, akafa Jacksonville, mji alikozaliwa.

Mwaka 2004 jina lake lilifika mbele ya wapiga kura wa Canton na likakataliwa. Mwandishi mmoja mkongwe wa michezo alijiuzulu katika kamati kwa hasira. Mwaka 2009 hatimaye alichaguliwa. Hata siku hiyo haikukosa doa: ilisomwa barua ya shukurani iliyosemekana aliiacha marehemu mwaka 1999, na baadaye ikabainika kuwa imeandikwa kwa aina ya herufi ambayo mwaka huo ilikuwa bado haijatolewa kwa watu. Uamuzi haukubadilika, kwani haukutegemea barua. Mwezi Agosti 2009 sanamu yake iliwekwa Canton, na familia yake ikasimama mahali ambapo yeye angesimama.

Tumejiuliza kwa nini kisa hiki kinatugusa sisi, watu wa pwani nyingine na mchezo mwingine. Labda ni kwa sababu tunawajua watu wa namna hii. Katika nchi zetu pia wako walioitumikia bendera, wakakosea au wakakosana na wenye nguvu, na majina yao yakafutwa kabisa, kama kwamba kosa la siku moja linaweza kurudi nyuma na kufuta kazi ya miaka kumi. Wengine walikufa ugenini. Antao wa Mombasa, aliyebeba bendera Tokyo, aliishi London miaka mingi na kufia huko mwaka 2011, na vijana wengi wa Kenya walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku ya tanzia. Nasi tulioondoka makwetu bila ya kuaga vizuri tunajua maana ya kungoja jina lako litajwe tena nyumbani kwa wema.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Bob Hayes walimjua. Waliziona mbio zake kwa macho yao, walibadilisha ulinzi wao kwa sababu yake, na bado ilichukua miaka 34 tangu alipocheza mpira wa mwisho hadi walipomfungulia mlango. Mtu aliyeshinda mbio zote za dunia kwa sekunde kumi hakuweza kuikimbilia heshima hii. Ilimbidi angoje, na hakuwahi kuiona. Walio hai leo katika nchi zetu wanaostahili kuitwa, waitwe wangali wanasikia.